Hofu ya Kupotewa na Akili: Habari za Malale katika Nchi za Mto Kagera

Wasomaji wetu, katika magonjwa yote yampatayo mwanadamu hakuna uogopwao kama ule unaogusa akili. Mtu akivunjika mguu husema, "Mguu wangu umevunjika," naye mwenyewe yupo. Akishikwa na kifua husema, "Kifua changu chaniuma," naye mwenyewe yupo. Lakini akili ikiharibika, ni nani atakayesema habari zake? Yule aliyepaswa kuleta habari ndiye aliyepatwa. Kwa hiyo wako watu wengi ambao hawaogopi sana kufa, lakini huogopa mno wasije wakaishi nao hawajijui.

Hata maneno ya Kiswahili yaonyesha hofu hiyo. Twasema mtu "amerukwa na akili", kana kwamba akili ni ndege aliyetua, naye ameruka. Twasema "amepotewa na fahamu", kama mtu aliyepotewa na mbuzi wake malishoni. Tena twasema "ana wazimu", na neno hilo ni ndugu wa mzimu na wa kuzimu. Waliotuachia maneno haya walifikiri kwamba mwili ni nyumba, na mwenye nyumba aweza kutoka, na mgeni aweza kuingia.

Sisi wenyewe tuliionja hofu hiyo. Tulipokuwa na umri wa miaka kumi na minne, nyumbani kwetu Murongo, tulishikwa na homa kali ya malaria. Usiku wa tatu tulijiona tuko juu, chini ya mabati ya paa, nasi twatazama kitandani. Kitandani alilala mvulana mwembamba, midomo imekauka, na mama yetu alikuwa akikamua kitambaa cha maji. Tulimhurumia yule mvulana kama mtu amhurumiavyo mtoto wa jirani. Kisha kitambaa kikatugusa paji la uso, tukasikia baridi yake, tukawa tumerudi. Tulipopona hatukumwambia mtu. Tuliogopa watasema, "Huyu akili zake zimeanza kutoka." Tulinyamaza hivyo miaka mingi, na kila tulipoumwa kichwa tulijiuliza kama ndiyo siku yenyewe imefika.

Twajua kwamba hatuko peke yetu. Kwa hiyo leo twataka kuwaeleza habari za zamani za nchi zetu hizi za mto Kagera na Ziwa Viktoria, jinsi ulivyokuja ugonjwa ulioiba akili za watu kweli kweli, na jinsi hofu ilivyowafanya watu wawafiche wagonjwa wao. Habari hizi zina faida hata sasa.

Nchi ya Karagwe hapo kale

Murongo iko ukingoni mwa mto Kagera, na ng'ambo ni Kikagati katika nchi ya Uganda. Leo ni sehemu ya wilaya ya Kyerwa, iliyotengwa na wilaya ya Karagwe mwaka 2012. Lakini hapo kale yote ilikuwa milki moja ya Karagwe, milki ya Wahinda, ambao mji wao mkuu ulikuwa Bweranyange. Mwezi wa Novemba 1861 wasafiri wawili Waingereza, Speke na Grant, walifika kwa mkama Rumanyika. Waliona nchi yenye vilima na majani mazuri, na ng'ombe wengi sana.

Huyo Grant alikuwa na mguu uliouma vibaya hata hakuweza kutembea. Mwenzake alipoondoka kwenda Buganda Januari 1862, yeye alibaki kwa mkama, akatunzwa hata mwezi wa Aprili, ndipo alipochukuliwa kwa machela. Basi twaona ya kuwa wazee wetu hawakuwa watu wa kumtupa mgonjwa, hata akiwa mgeni asiyejulikana kwao.

Juu ya magonjwa ya akili walikuwa na mafundisho yao. Walisema kwamba mizimu ya Wachwezi huweza kumshika mtu. Wako watu walioitwa embandwa, ambao kazi yao ilikuwa kushikwa hivyo. Embandwa alipopandwa, sauti yake ilibadilika, akasema kama Wamara au Ryangombe mwenyewe, na watu wakamjibu kama wamjibuvyo mkuu. Mambo yakiisha alirudi kuwa mtu wa kawaida, akaenda kulima shamba lake la migomba. Hatuandiki haya ili kuwacheka wazee. Twataka msomaji atambue jambo moja: katika nchi hii, mtu kuwa nje ya nafsi yake halikuwa jambo geni, na desturi zilikuwako za kumtoa na kumrudisha. Lakini ulikuja ugonjwa ambao watu waliouchukua hawakurudi, wala hakuna desturi iliyoweza kuwarudisha.

Ugonjwa wafika

Kati ya 1890 na 1892 ugonjwa wa sotoka ulipita katika nchi za Afrika ya Mashariki, ukaua ng'ombe bila hesabu. Karagwe ikafilisika. Ndui nayo ikaua watu, wengine wakahama. Mahali palipokuwa malisho pakaota vichaka, nao wanyama wa porini wakarudi. Haya yalikuwa matayarisho mabaya, kama tutakavyoona.

Mwaka 1901, katika hospitali ya misheni ya Mengo, Uganda, Daktari Albert Cook na ndugu yake walipokea wagonjwa waliotoka upande wa Busoga, ambao ugonjwa wao haukuwa umeonekana pale. Waliumwa kichwa, walikonda, walitetemeka midomo na mikono, na mchana walisinzia hata chakula kikiwa mkononi. Waganda waliuita mongota, yaani kusinzia. Sisi kwa Kiswahili twauita malale. Ukaenea pwani yote ya ziwa na visiwani. Yakadiriwa kwamba tangu 1900 hata 1920 watu robo milioni walikufa katika Uganda peke yake. Visiwani na pwani vilikuwako vijiji ambavyo hakubaki mtu wa kuzika mwenziwe.

Watu waliokuwa wamezoea kifo walitishwa na namna ya kifo hiki. Mgonjwa hakufa mara moja. Kwanza tabia yake ilibadilika. Mtu mpole akawa mkali, mtu wa maneno machache akawa msemaji asiyenyamaza. Usiku hakulala, alizunguka akisema na watu wasiokuwako, na mchana akalala jua zima. Wengine walianguka motoni, kwa hiyo jamaa zao waliwafunga kwa kamba ili wasijidhuru. Mama alimtazama mwanawe, akaona uso ni ule ule, lakini aliyetazama kwa macho yale alikuwa mgeni. Ndipo watu waliposema kwamba mwenyewe ameondoka zamani, na kilichobaki ni nyumba tu.

Sababu yajulikana

Wataalamu walitafuta sababu kwa bidii. Mwaka 1902 Castellani, daktari Mwitaliano aliyefanya kazi Entebbe, alitoa maji katika uti wa mgongo wa wagonjwa, akayatazama kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Ndani yake akaona mdudu mdogo mno mwenye umbo la uzi, aogeleaye kama samaki. Jina la mdudu huyo ni tripanosoma. Mwaka 1903 daktari David Bruce alionyesha kwamba mbung'o ndiye anayemchukua mdudu huyo kutoka mtu hata mtu. Katika kazi hiyo Bruce alisaidiwa sana na wenyeji. Katikiro Apolo Kagwa na wakuu wa Buganda waliagiza watu wakamate nzi kila mahali na kuwaleta pamoja na jina la mahali walikokamatwa. Ilipopangwa hesabu, palipokuwa na mbung'o ndipo palipokuwa na malale. Twapenda kukumbusha jambo hili, kwa maana mara nyingi sifa hupewa daktari peke yake, na mshika nzi husahauliwa.

Basi ikajulikana jinsi ugonjwa unavyokwenda, nasi twaomba msomaji aushike mpango huu, kwa kuwa ndio kiini cha habari zetu. Ugonjwa una sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza mdudu yumo katika damu na katika tezi. Mgonjwa ana homa za kuja na kwenda, kichwa chamuuma, viungo vyamuuma, tezi za shingoni zavimba, lakini akili yake ni timamu kabisa. Katika sehemu ya pili mdudu huingia katika ubongo na katika maji yauzungukayo. Hapo ndipo usingizi unapogeuka na akili inapochafuka. Kwa hiyo yule aliyesemwa kwamba ameingiliwa na mgeni, kweli aliingiliwa na mgeni; ila mgeni huyo alikuwa mdudu, na kabla ya kuingia chumba cha ndani alikaa barazani siku nyingi.

Kambi ya Kigarama

Upande wetu, uliotawaliwa wakati ule na Wajerumani, malale yalionekana hasa katika Kiziba, kaskazini ya Bukoba, nchi ya mkama Mutahangarwa. Vijana wa Kiziba walizoea kwenda Uganda kutafuta kazi na fedha, na wengine walirudi na ugonjwa. Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani ilimtuma Robert Koch, mtaalamu mwenye sifa duniani kote, aliyekuwa amepewa zawadi ya Nobel mwaka uliotangulia. Alikaa zaidi katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda, hata mwaka 1907. Katika Kiziba ikafanywa kambi ya wagonjwa mahali paitwapo Kigarama. Wenyeji walifundishwa kupapasa shingo za watu na kutafuta tezi zilizovimba, ili wagonjwa wapatikane mapema.

Dawa aliyoitumia Koch iliitwa atoksili, nayo ilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake. Ilitiwa kwa sindano. Mwanzoni watu walikuja kwa maelfu, kwa sababu waliona wagonjwa waliokuwa wakisinzia wakiamka, na waliobebwa wakitembea. Lakini baada ya muda ugonjwa ulirudi kwa wengi. Koch akaongeza kipimo cha dawa, na wagonjwa 22 wakapofuka macho. Wengine walitoroka kambini usiku, na wengine walikataa kuja tena.

Hapa twapaswa kusema kwa haki. Watu wamezoea kusimulia habari hizi wakisema kwamba wenyeji walikimbia dawa kwa ujinga. Sivyo. Mtu aliyemwona jirani yake amekwenda kambini akiona, akarudi akishikwa mkono kwa upofu, alikuwa na sababu ya kuogopa. Hofu yake ilikuwa na macho. Lakini ingawa ilikuwa na sababu, matunda yake yalikuwa machungu. Watu walianza kuwaficha wagonjwa. Nao hawakumficha yule mwenye wazimu, kwa maana huyo hafichiki. Alipiga kelele usiku na kijiji kizima kikajua. Walimficha yule ambaye ugonjwa wake ulikuwa ungali mdogo, mwenye homa na tezi tu, ambaye bado alilima na kucheka na wenziwe. Ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa ya kupona, na ndiye aliyefungiwa ndani. Walingoja hata akili ikachafuka, kisha wakamleta, au hawakumleta. Hivyo hofu ya kupotewa na akili iliwaongoza watu wengi mpaka kwenye kupotewa na akili kwenyewe.

Malale katika mapori yetu

Huenda msomaji wa Karagwe atasema, "Hayo ni mambo ya watu wa ziwani." Lakini yalitufikia sisi pia kwa njia nyingine. Tumekwisha kusema kwamba baada ya sotoka malisho yaligeuka pori. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini mbung'o wa porini, ambao ni wa jamii nyingine si wale wa ziwani, walienea katika sehemu kubwa ya Karagwe. John Ford, mtaalamu wa wadudu, aliyeandika pamoja na R. de Z. Hall historia ya Karagwe iliyochapishwa 1947, alifundisha kwamba mbung'o hufuata mahali watu na ng'ombe walipopungua. Watu wengi wakilima na kufuga, vichaka huisha, na mbung'o hukosa kivuli. Watu wakiondoka, mbung'o hurithi nchi.

Malale ya porini ni makali kuliko ya ziwani. Yale mengine huweza kukaa mwilini miaka kabla ya kufika ubongoni, lakini haya hufika katika majuma au miezi. Tena mdudu wake hukaa katika wanyama kama pongo, na katika ng'ombe, bila kuwaua. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Tanganyika iliwahamisha watu wengi wa nchi za magharibi ili wakae pamoja katika vijiji vikubwa vilivyofyekwa. Kazi hii iliongozwa sana na daktari George Maclean. Wengi waliacha makaburi ya baba zao wakilia. Lakini mahali pengi ugonjwa ulipungua.

Dawa nazo zilibadilika. Suramini, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1920, yaponya sehemu ya kwanza, lakini haifiki ubongoni. Mwaka 1949 ilianza dawa ya melasoprolo, iliyofika ubongoni, lakini ilikuwa na aseniki, ikiunguza mshipa kama moto, na katika kila wagonjwa mia iliua kama watano. Madaktari waliitumia miaka mingi kwa sababu hawakuwa na nyingine. Siku hizi iko dawa ya vidonge iitwayo feksinidazolo. Ilikubaliwa na wakaguzi wa Ulaya mwaka 2018 kwa malale ya namna ya Kongo, na mwishoni mwa 2023 kwa malale ya porini, baada ya kujaribiwa Malawi na Uganda. Wagonjwa wa malale katika Tanzania sasa ni wachache sana. Hata hivyo mapori yako. Tangu 2019 Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe ni hifadhi za taifa, nasi twafurahi kwa wanyama wetu. Ila mchungaji wa ng'ombe au mwinda asali akirudi kutoka porini na homa isiyosikia dawa ya malaria, jamaa zake wasimwache akae nyumbani. Wamwambie mganga wa zahanati kwamba huyu ametoka mahali penye mbung'o.

Ugonjwa wa kucheka

Sasa twende na habari nyingine, ili msomaji asidhani kwamba kila akili iliyochafuka ina mdudu ndani yake. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, mkoa wetu huu wa Kagera, upande wa Muleba, wasichana watatu walianza kucheka na kulia, wala hawakuweza kujizuia. Wengine wakafuata. Katika wanafunzi 159, walipatwa 95. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi kwao, jambo likaenda pamoja nao. Katika Nshamba na vijiji vya jirani watu 217 walipatwa, wengi wao vijana.

Watu waliuita kwa Kihaya enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka, na wengine waliuita akajanja, yaani wazimu. Lakini wenyewe hawakuwa na furaha. Walisema kwamba wanasikia vitu vikitembea kichwani, tena kwamba mtu anawakimbiza. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hizo mwaka uliofuata, walipima damu na maji ya uti wa mgongo, hawakuona mdudu wala sumu. Hakuna aliyekufa. Kila mmoja alipona baada ya saa au siku kadhaa, ingawa wengine walirudiwa.

Wataalamu wengi wasema kwamba ilikuwa mzigo wa moyo uliotafuta mahali pa kutokea. Ilikuwa miezi michache baada ya Uhuru wa Desemba 1961. Mambo mengi yalikuwa yakigeuka, na wale wasichana walikaa mbali na kwao chini ya sheria kali. Tuseme hivi: moyo wa mtu waweza kulemewa hata ukazungumza kwa mwili, bila mtu huyo kuwa mwongo, wala kuwa mwenye wazimu wa milele.

Kujiona kutoka nje

Sasa twarudi kwa yule mvulana wa Murongo aliyejiona kutoka chini ya mabati. Je, alikuwa ameanza kupotewa na akili?

Mwaka 2002, katika mji wa Geneva, Uswisi, daktari Olaf Blanke na wenzake walikuwa wakimtibu mwanamke mwenye kifafa. Ili wajue kifafa chake kilianzia wapi, waligusa sehemu za ubongo wake kwa umeme kidogo sana, naye akiwa macho akiwaeleza alichosikia. Walipogusa sehemu moja ya upande wa kuume, nyuma kidogo juu ya sikio, alisema kwamba yuko juu, ajiona amelala kitandani. Walipoacha, akarudi. Walipogusa tena, akatoka tena. Sehemu hiyo ya ubongo ndiyo inayokusanya habari za macho, za ngozi, na za masikio yanayotupa usawa wa mwili, ili mtu ajue yuko wapi. Habari hizo zikigongana, kwa homa, kwa kifafa, kwa kukosa usingizi, au kwa hofu kubwa, mtu huweza kujiona mahali asipokuwa. Vivyo hivyo na jinamizi, pale mtu aamkapo na mwili ungali umelala, akadhani ameketiwa kifuani.

Hatusemi kwamba daktari amemaliza habari zote za roho ya mwanadamu kwa sindano ya umeme. Roho si kitu cha kupimwa hivyo, nasi tulio waumini twajua iko mikononi mwa nani. Lakini twasema kwamba aliyejiona hivyo hana sababu ya kujihukumu. Watu wengi wenye akili timamu katika kila taifa wamepatwa na jambo hilo mara moja au mbili maishani, wala halikuwa mwanzo wa wazimu.

Hayo hatukuyajifunza kwanza kwa daktari. Siku moja, tulipokuwa tumekwisha kuwa mwalimu, tulikuwa tukimenya ndizi pamoja na bibi yetu, mzaa baba, naye alikuwa mzee sana. Akatueleza habari za watu wa zamani wa malale, jinsi walivyofungwa kwa kamba. Hofu yetu ya siku zote ikatushika, tukamwambia mambo ya usiku ule. Bibi akaendelea kumenya, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, ulipomwona yule aliyelala, ulimjua ni nani?"

Tukajibu, "Nilijua ni mimi, bibi."

"Na mama yako ulimjua?"

"Nilimjua."

"Basi hukupotea mahali," akasema. "Wale wa malale hawakuwajua mama zao. Mbona ulinyamaza siku zote hizi? Ungalisema asubuhi ile ile, ungalilala vizuri miaka yote hiyo."

Wasomaji wetu, maneno ya mwisho ya bibi ndiyo tunayotaka kuwaachia. Katika habari zote tulizosimulia, kunyamaza ndiko kulikoleta madhara yaliyozidi. Mgonjwa wa malale aliyefichwa katika sehemu ya kwanza alikosa nafasi yake. Wasichana wa Kashasha walibeba mzigo ambao hakuna aliyewauliza habari zake mpaka ulipojimwaga wenyewe. Na mtu aliyejiona nje ya mwili wake hukaa miaka na hofu isiyo na sababu, kwa kuwa hakumwambia mtu.

Basi akitokea mtu nyumbani mwako asiyelala usiku, au aliyebadilika tabia ghafula, au aonaye mambo wasiyoyaona wengine, usianze kwa kutafuta nani amemroga, wala usimfungie chumbani kwa aibu. Mpeleke apimwe damu kwanza, maana malaria na malale na magonjwa mengine hupitia mwilini kabla ya kuifikia akili. Ikiwa hakuna kilichoonekana katika damu, wako waganga wa magonjwa ya akili. Lutindi, katika milima ya Usambara, nyumba ya misheni iliyofunguliwa 1896 kwa ajili ya watoto waliotolewa utumwani iligeuzwa mwanzoni mwa karne ya ishirini kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili. Na Mirembe, Dodoma, wagonjwa wametunzwa tangu miaka ya 1920. Maelfu wameingia huko hawajijui, wakatoka wakijijua.

Tena hata yule asiyepona, msimwite nyumba tupu. Mkama Rumanyika alimtunza mgeni mwenye mguu mbovu miezi mingi, wala hakumjua baba yake. Sisi je, tutashindwa kumtunza ndugu yetu, ambaye jina lake twalijua na mama yake twamjua, kwa sababu tu yeye mwenyewe amelisahau? Akilisahau, sisi tulikumbuke kwa ajili yake, tumwite kwalo kila asubuhi.